Kaya Yenye Wakuu Kumi na Mmoja

Nilifika Nairobi nikiwa juu ya vitunguu. Lori lilitoka Loitokitok Jumatatu asubuhi, na dereva alituahidi kwamba chakula cha mchana tungekula Nairobi. Hakusema cha siku gani. Emali gurudumu lilipasuka. Sultan Hamud injini iligoma, tukakaa siku mbili tukingoja kipuri ambacho mtu alikuwa amekituma Mombasa kwa makosa. Muda wote huo niliketi juu ya magunia, kwenye kigoda cha miguu mitatu alichonichongea baba yangu kule Wamunyu nilipomaliza kidato cha nne. Wenzangu walipewa saa au sanduku la nguo. Baba alisema, "Mtu anayezurura kama wewe, heri atembee na mahali pa kukaa."

Wakati huo nilikuwa nimeshazurura vya kutosha. Nilikuwa nimeuza vinyago Mombasa, nimehesabu magunia Malaba, na nimechunga duka la mtu Lodwar mpaka mwenyewe akarudi na kushangaa kunikuta bado nipo. Tulipoingia Nairobi hatimaye, nilitembea kwa miguu hadi Soko la Burma kutafuta kibarua. Nilinuka vitunguu kiasi kwamba mchoma nyama mmoja aliniambia, "Wewe kaa hapo hapo karibu na jiko. Unaniletea wateja."

Nikaweka kigoda changu, nikakaa. Mama mmoja aliyekuwa akingoja nyama yake kwenye benchi alianza kunieleza habari za mwanawe, na alipofika sehemu ya kulia alilia. Mwanamke mwingine, mwenye miwani na faili kwapani, alisimama pembeni akitusikiliza. Mama alipoondoka, yule mwenye miwani akaniuliza:

"Unamjua huyo?"

"Simjui."

"Mbona anakueleza mambo ya nyumbani kwake?"

"Sijui. Labda kwa sababu nimekaa chini na yeye amekaa juu."

"Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Kesho saa mbili asubuhi, Shauri Moyo, ofisi yenye mlango wa buluu. Kuoga ni lazima."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na Bi Tabitha, na hayo ndiyo mahojiano pekee ya kazi niliyowahi kufanyiwa maishani. Nyinyi wa ofisini mliofanyiwa matatu, pamoja na mtihani wa kompyuta, mtanisamehe. Mmeniomba niandike niliyojifunza katika miaka ishirini na minne ya kazi hii. Vyeo sitavitaja, maana nilikuwa na kimoja tu: msaidizi.

Bi Tabitha alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyehitimu kweli kweli, mwenye shahada ya chuo kikuu, na hakuitundika ukutani kwa sababu ukuta wa ofisi ulikuwa na unyevu. Siku ya kwanza alinipeleka Pumwani, kwenye nyumba za Majengo, tukatembelea familia tano. Sikuruhusiwa kusema neno. Tukirudi aliniuliza niliona nini. Nikamwambia niliona watoto waliovaa vizuri. "Hao walivalishwa tulipoonekana kwenye kona," alisema. "Nguo husema uongo. Tazama kucha. Tazama nani anatumwa maji na dumu lina ukubwa gani. Tazama mtoto akianguka anakimbilia nani."

Alinifundisha kupiga hodi mara tatu na kuondoka, kwa sababu mtu asiyefungua mlango ameshajibu. Alinifundisha nisitembelee Majengo Ijumaa mchana wala Jericho Jumapili asubuhi, na nisichungulie sufuria ya mtu kamwe. Kigoda changu alikipenda tangu siku ile ya Burma. Nyumba nyingi tulizoingia zilikuwa za chumba kimoja, kiti kimoja na kitanda kimoja. Mgeni akikalia kiti, mwenyeji anabaki amesimama kwake kama mshtakiwa. Ukija na kigoda chako, unakaa chini, mwenyeji anabaki mkubwa, na maneno yanashuka yenyewe. Juu ya yote alinifundisha penseli. "Ziara ya kwanza huandiki kwa wino," alisema. "Siku ya kwanza watu hukueleza wanachodhani unataka kusikia. Ziara ya tatu ndiyo ya wino."

Bi Tabitha alistaafu akaenda kwao kulima. Mahali pake akaja mkurugenzi, mtu mwema aliyependa makongamano. Chini yake hatukuwa tena na watu, tulikuwa na wanufaika. Kila mwaka tulijengewa uwezo katika hoteli fulani, kwa chai na mandazi, na mara kwa mara tulirudi na fomu mpya. Niliishi chini ya fomu tisa. Mbaya zaidi ilikuwa ya saba, yenye maswali arobaini, na hakuna hata moja lililoanza na "kwa nini". Ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mahali pengine, sijui wapi, lakini palikuwa na mifugo. Nilipomuuliza Bi Zuhura wa Majengo ana ng'ombe wangapi, alinitazama kwa huruma.

"Andika wawili," alisema. "Wako Burma wananing'inia."

Kila mwaka pia chuo kikuu kilituletea wanafunzi wa shahada ya ustawi wa jamii kwa mafunzo ya nyanjani, wiki kumi na mbili, na kwa kuwa kila mtu ofisini alikuwa kwenye kongamano, nilikabidhiwa mimi. Kwa hiyo mtu wa kidato cha nne aliwafundisha watu wa mwaka wa nne. Walikuja na vitambulisho shingoni na viatu vyeupe. Viatu vilidumu mpaka Mathare, kwenye mteremko wa kwanza kuelekea mtoni. Vijana wa pale walikuwa wakiwangoja. "Niaje Kigoda!" waliniita kwa mbali. "Leo umetuletea madaktari wangapi?"

Chuoni walikuwa wamefundishwa wasipokee chochote kutoka kwa mnufaika. Majengo ukikataa chai ya mtu umemtukana yeye, mama yake na sukari yake. Kwa hiyo wiki ya kwanza nilikuwa nikiwafundisha kunywa chai. Mmoja aliniuliza chai hiyo aiandike kwenye sehemu gani ya ripoti. Huyo siku hizi ni mkubwa serikalini, nami sishangai.

Kendi alikuja wakati wa fomu ya saba. Alikuwa binti wa Meru, mwepesi, mwenye akili kali, na alitembea haraka kuliko wote niliowahi kuwa nao. Hii ilikuwa dosari yake pekee, maana kazi hii inataka mtu wa polepole. Nilimpa familia ya Bi Zuhura aiandikie ripoti yake kuu. Nilimchagulia familia nyepesi, au ndivyo nilivyodhani.

Bi Zuhura alikuwa akiwalea wajukuu wawili, watoto wa marehemu bintiye: Mwanaidi, aliyekuwa na miaka tisa, na Salma, miaka sita. Alipanga chumba katika nyumba ya zamani yenye korido katikati na vyumba kumi na kimoja, na aliishi kwa kupika mahamri. Nilikuwa nikinywa chai kwake tangu wakati wa Bi Tabitha.

Kendi alikwenda peke yake, saa nane mchana, akamaliza maswali arobaini kwa dakika ishirini na tano. Ijumaa aliniletea ripoti nitie sahihi kama msimamizi wake. Ilikuwa na kurasa kumi na nane na jalada la plastiki. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti, kwa sababu kulikuwa na watu walioningoja Burma mbele ya mbavu zilizokuwa zikiiva. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikatia sahihi. Wenye shahada hufanya makosa makubwa kwa sababu wamesoma sana. Langu nililifanya kwa sababu ya mbavu.

Nakala moja ilikwenda chuoni, ikapewa alama ya juu kuliko zote za mwaka ule. Nyingine mkurugenzi aliipeleka kwenye ofisi inayoshughulikia watoto, kwa kuwa fomu ilisema ikifika alama thelathini lazima ipelekwe, na familia ya Bi Zuhura ilifika thelathini na nne. Wiki mbili baadaye barua ikaja. Mwanaidi na Salma wangehamishiwa kituo cha watoto, mji mwingine, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Ndipo nikasoma ripoti. Swali la kumi na moja: mtoto analala wapi? Jibu: kwingineko. Swali la kumi na mbili: mtoto anakula wapi? Kwingineko. Anasomea wapi? Kwingineko. Anaoga wapi? Kwingineko. Kila "kwingineko" ilikuwa na alama zake za hatari. Kwa mujibu wa karatasi, Bi Zuhura alikuwa na wajukuu wawili ambao hawakufika kwake isipokuwa kusalimia. Na yote yaliandikwa kwa wino, ziara ya kwanza.

Nilipofika Majengo, barua ilikuwa imenitangulia. Bi Zuhura alikuwa amekaa mlangoni. Niliweka kigoda changu ndani kama kawaida. Alikiinua, akakipeleka koridoni, akarudi kukaa.

"Musyoka, chai yangu umekunywa miaka mingapi?"

"Mingi, mama."

"Nilikuwekea sukari?"

"Uliweka."

"Basi mwanangu, sahihi yako inafanya nini chini ya karatasi ya kunipokonya wajukuu?"

Nilibaki nimesimama. Hapo nilijua jinsi mshtakiwa anavyosimama.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye ile ofisi. Afisa alinisikiliza kwa adabu, akafungua ripoti ukurasa wa mwisho.

"Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo unapinga sahihi yako mwenyewe."

"Naipinga."

"Una shahada ya ustawi wa jamii?"

"Nina kidato cha nne."

Alifunga faili polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ripoti imetoka chuo kikuu na itaondolewa na aliyeiandika, kwa maandishi, mhadhiri wake akishuhudia. Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna kongamano lililonifundisha: kutia sahihi kosa hakuhitaji shahada. Kulifuta ndiko kunakohitaji.

Nikamtafuta Kendi. Alinisikiliza amekunja mikono.

"Bwana Musyoka, mimi niliandika nilichojibiwa. Nilimuuliza wanalala hapa, akasema hapana. Sikubuni kitu."

"Najua hukubuni."

"Na nikiiondoa sina alama. Bila alama narudia mafunzo, na mahafali ya mwaka huu yananipita. Mama ameshanunua mbuzi wa sherehe!"

"Mbuzi anaweza kungoja," nilimwambia. "Nakuomba kitu kimoja. Kesho alfajiri twende Majengo. Hakuna fomu. Beba penseli."

Tulifika adhana ikiisha. Mlango wa Bi Zuhura ulikuwa wazi. Sakafu yote kati ya kitanda na ukuta ilikuwa imeshikwa na jiko la makaa, karai la mafuta yanayochemka na mabeseni mawili ya unga uliokandwa. Moshi ulitoka mlangoni kama mtu aliyefukuzwa. Kendi alisimama kizingitini. Bi Zuhura hakumkaribisha wala hakumfukuza, alimwonyesha tu karai kwa mwiko.

"Wewe ndiye binti wa maswali. Haya nijibu langu moja. Walale wapi, mama? Hapa?"

Mlango wa tatu ukafunguliwa, Mwanaidi na Salma wakatoka chumbani kwa Mama Rehema wakijifikicha macho. Mama Rehema alikuwa mjane, chumba chake hakikuwa na jiko wala moshi, na wasichana hao walikuwa wakilala kitandani kwake tangu mama yao alipofariki. Wakaenda kuoga kwenye mlango wa saba, wenye ndoo kubwa. Wakanywa uji mlango wa tano. Jioni, tuliambiwa, walikuwa wakisomea mlango wa tisa, kwa fundi cherehani, kwa sababu alikuwa na taa nzuri na alijua hesabu. Salma alijikwaa kwenye kizingiti, akalia, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi ya pili milango minne ilikuwa imefunguka. Nilimtazama Kendi. Alikuwa akiandika kwa penseli.

"Hakuna mahali pa hii kwenye fomu," alininong'oneza.

"Ndiyo maana wapo kwingineko."

Mhadhiri wake alikubali kuja Jumatano. Alikuwa daktari wa falsafa, mrefu, aliyeandika mengi kuhusu familia za mijini na hakuwa ameingia kwenye moja kwa muda. Kigoda changu kilikuwa bado koridoni kilipoachwa, nikamkalisha hapo. Magoti yake yalifika karibu na masikio. Alisema kwamba kabla hajashuhudia chochote, lazima kaya itambulike, na kaya hutambulika kwa mkuu wake.

"Mkuu wa kaya hii ni nani?" aliuliza.

Bi Zuhura aliegemea nje ya mlango. "Jamani! Kuna mzee hapa anauliza mkuu wa kaya ni nani!"

"Mimi hapa!" sauti ikatoka mlango wa pili. "Kwani kuna nini?"

"Mkuu wewe? Jana choo nani aliosha?" jirani yake akadakia.

"Mambo ya watoto ni Mama Rehema."

"Kama ni wale wasichana, mkuu ni mimi, mimi ndiye ninayesoma kadi zao za shule," alisema fundi cherehani, akitoka na sindano mdomoni.

Walitoka wote. Mhadhiri alijaribu kuwapanga, wakajipanga wenyewe kwa ubishi. Mwishowe alivua miwani, akaifuta, akamwambia Kendi, "Andika." Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa mkuu wa kaya. Kendi alibandika karatasi nyingine chini yake, kisha nyingine. Ikawa kaya moja, vyumba kumi na kimoja, wakuu kumi na mmoja, na kila mmoja akatia sahihi au kidole gumba. Katika kaya hiyo watoto walilala nyumbani, walikula nyumbani, walioga nyumbani. Alama za hatari zikawa tatu, zote za moshi. Mhadhiri akatia sahihi chini, akaomba asaidiwe kusimama.

Alhamisi tulikwenda na karatasi hizo kwa yule afisa, nyuma yetu wakuu wa kaya saba, maana wanne walikuwa kazini. Alisoma karatasi zote. Aliuliza kama kuna yeyote katika nyumba hiyo ambaye si mkuu. Mama Rehema akasema yupo mpangaji mpya wa uani, bado wanamwangalia. Afisa akapiga muhuri, barua ikafutwa. Ijumaa wasichana walikwenda shule.

Tuliporudi, Bi Zuhura alikichukua kigoda koridoni, akakifuta kwa kanga, akakiweka ndani mahali pake. Chai aliiwekea sukari nyingi mno, nikainywa yote.

Kendi alipoteza mwaka. Chuo kilimjibu kwamba ripoti mpya haiwezi kupewa alama kwa sababu ina kaya isiyolingana na mwongozo. Alirudia wiki zote kumi na mbili, chini yangu, kwa miguu, polepole. Alipohitimu alinialika kwao Meru. Mbuzi alikuwa ameshazaa mapacha, kwa hiyo sherehe ilikuwa kubwa zaidi.

Mengine mnayajua. Mkurugenzi alipanda akaenda kwenye makongamano makubwa zaidi, na Kendi akawa mkuu wa ofisi yenye mlango wa buluu. Halafu ikaja kanuni kwamba asiyekuwa na shahada asiingie nyumba ya mtu kwa jina la ofisi. Kendi aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini kuliko changu, nikajua mambo si mazuri.

"Bwana Musyoka, nimekutafutia nafasi chuoni. Shahada, madarasa ya jioni. Wewe utaipata ukiwa umelala."

"Na mafunzo ya nyanjani?"

"Lazima. Wiki kumi na mbili."

"Wapi?"

Alitazama dirishani. "Wamekupangia hapa."

"Chini ya nani?"

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kisha akalia kidogo, nami nikajifanya natafuta penseli. Sikumlaumu, na kanuni yenyewe siilaumu sana. Nimeona mtu wa kidato cha nne anavyoweza kutia sahihi akiwaza mbavu. Ila nina miaka arobaini na saba, na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tangu zamani. Nilimwambia nataka kwenda Lodwar kuona kama mwenye lile duka bado anashangaa.

Siku ya kuondoka nilipitia Majengo kuchukua kigoda, ambacho tangu mambo yale kilikuwa kikikaa kwa Bi Zuhura. Nilikuta Mwanaidi amekikalia koridoni, na fomu magotini. Ni mtu mzima sasa, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, anasomea ustawi wa jamii, na alikuwa amepewa zoezi la kuandika kaya anayoijua. Nilitazama. Ilikuwa fomu ya kumi. Ng'ombe walikuwa bado wamo.

"Mjomba, umefika wakati mzuri. Nimekwama swali la kwanza. Idadi ya watu katika kaya."

"Kwani umefika wangapi?"

"Thelathini na moja. Na wewe nikuhesabu?"

"Mimi naondoka leo, mama. Lori linaningoja."

"Najua. Fomu haijauliza nani anaondoka."

"Muandike huyo!" Bi Zuhura alisema kutoka ndani, kwenye karai. "Atarudi tu akisikia harufu ya chai."

Nilisimama na begi begani. Kigoda sikukidai, kwa sababu mtu akiwa katikati ya swali huwezi kumwinua. Nilimwambia sawa, aniandike, lakini kwa penseli, kama Bi Tabitha alivyofundisha.

Aligeuza karatasi nione. Alikuwa ameshaniandika, kwa wino, nambari thelathini na mbili. Ni kazi mbovu kabisa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na sikumsahihisha.